Goti, kiuno na mkono wa klachi: mzee achague pikipiki gani

Wazee wangu shikamooni. Swali la "baba kastaafu anataka pikipiki, tumnunulie ipi" nalisikia pale gereji kila mara, na jibu linalotoka haraka ni lile lile, Boxer, maana spea zipo kila kona na fundi yeyote anaifungua akiwa kafumba macho. Jibu sio baya ila kuna kitu cha muhimu halijauliza, huyo baba mwili wake unamgomea wapi? Kuna mzee wa miaka 68 goti la kulia halikunji vizuri lakini mikono yake ni ya mkulima, bado ina nguvu. Kuna mwingine miguu iko safi kabisa ila asubuhi vidole vya mkono wa kushoto havifungi ngumi. Kuna mama alipata stroku, akapona, akabaki na udhaifu upande mmoja. Ukiwapa wote watatu pikipiki ya aina moja basi angalau wawili umewaumiza.

Watu wengi wanadhani shida ya mzee iko barabarani kwenye spidi. Mi sioni hivyo. Pikipiki ikishaanza kutembea, hata kwa mwendo wa mtu anayekimbia tu, inajisimamia yenyewe na haidai nguvu zako nyingi, kinachotakiwa hapo ni macho na akili, na wazee wengi akili ya barabara wanayo kuliko vijana. Kazi ya misuli yote ipo pale spidi ikiwa sifuri, yaani kupanda, kuitoa kwenye stendi, kuwasha, kusimama kwenye foleni, kuirudisha nyuma pale ulipopaki mlango wa duka ukaziba, na kushuka. Hapo ndo goti linateleza, hapo ndo kiuno kinakatika, na hapo ndo mzee analaliwa na chuma mguuni mbele ya watu. Kwaiyo mimi naanza kuangalia pikipiki ikiwa imezimwa, cc na spidi naviacha mwisho kabisa.

Tuanze na uzito. Pikipiki nyingi tunazoziona mtaani za cc 100 mpaka 150 zina kilo kama 105 mpaka 130 hivi, na mtu anasema kilo 120 sio nyingi, sawa, ila haubebi kilo 120, unabeba ule mlalo wake. Fanya hesabu ya haraka. Pikipiki ya kilo 120, katikati ya uzito wake pakae sentimita 55 toka chini, na wewe umeishika hendo ikiwa mita moja toka chini. Ikiwa wima kabisa haikudai chochote, unaweza kuishika kwa vidole viwili. Ikilala digrii 10 tu lazima uizuie kwa nguvu kama ya kunyanyua kilo 11, ikifika digrii 20 inadai kama kilo 22. Sasa chukua lile pikipiki kubwa la kilo 220 ambalo mzee kaletewa na mwanae, kwa digrii zile zile 20 linadai kilo 41, na hizo unatakiwa uzizuie ghafla, kwa mguu mmoja, huku goti ndo hilo lina maji. Hakuna mtu wa miaka 65 mwenye goti bovu anashinda hapo. Ndo maana kwa mzee mwenye shida ya miguu au mgongo mimi nasema usivuke kilo 130 kama huna sababu kubwa, na tangi likijaa kumbuka lita 10 za petroli ni kama kilo saba na nusu zimekaa juu kabisa, pale pale panapoiongezea pikipiki hamu ya kulala.

Urefu wa siti nao unadanganya watu dukani. Pale dukani pikipiki zimepangwa kwenye stendi kubwa, tairi la nyuma liko hewani, ukikaa miguu inaning'inia unasema hii ndefu, au kinyume chake unaikalia ya maonyesho iliyoshushwa hewa unasema hii ndo saizi yangu. Omba ishushwe kwenye stendi, ukae na mwili wako wote ili shokapu zibonyee, alafu angalia visigino. Kwa kijana kugusa na vidole inatosha. Kwa mzee mimi nataka nyayo zote mbili zilale chini na magoti yabaki yamekunjika kidogo, kwasababu barabara zetu hazina usawa, unasimama mguu unakuta shimo au kokoto au mfereji, na ule upungufu wa sentimita tatu ndo unakuangusha. Na sio urefu tu, upana pia. Siti pana inayachanua mapaja kwaiyo mguu unapoteza urefu, siti nyembamba kwa mbele hata kama ni ndefu kidogo kwenye makaratasi inaweza kukupa nyayo kamili. Mwenye nyonga mbovu hilo la upana linamhusu kuliko mtu yeyote, nyonga yenye shida haitaki kuchanuliwa.

Hapa nizungumze na mabwana shamba na waliofanya kazi za miradi vijijini, maana najua wengi wenu mapenzi yenu yako kwenye Yamaha DT 125 na Honda XL, mlizunguka nazo nchi nzima. Naelewa. Ila zile zilijengwa ndefu ili zivuke makorongo, na ukiwa na miaka 30 unazipanda kwa kuruka. Kama roho imekataa kabisa pikipiki nyingine basi tafuta Yamaha AG 200, ile ilitengenezwa kwa ajili ya mashamba na ina mambo mawili ambayo mzee anayahitaji hata kama aliyeichora hakumfikiria mzee: stendi ndogo zipo mbili, kushoto na kulia, na mkono wa klachi una kikufuli unaweza kuuacha umebanwa bila kuushikilia.

Hilo la stendi mbili watu wanalidharau. Kawaida stendi ndogo iko kushoto, kwaiyo unasimama kushoto kwa mguu wa kushoto unarusha wa kulia. Mwenye nyonga ya kulia mbovu hawezi kuurusha huo mguu. Anajaribu kupandia upande wa kulia, lakini pikipiki imelala kushoto, inamkimbia, siti nayo upande wake imenyanyuka. Kama pikipiki yako ina stendi moja basi tumia stendi kubwa iwe wima kabisa ndo upandie kulia, na uhakikishe ardhi ni ngumu. Nyumbani ipaki ubavuni mwa baraza au ngazi, ukipanda ukiwa umesimama juu ya baraza la sentimita 25 ile siti inakuwa imepungua sentimita 25, hakuna fundi anaweza kukushushia siti kiasi hicho. Shida inabaki huko unakokwenda, ambako baraza hakuna.

Ndo hapo tunafika kwenye pikipiki za kupitisha mguu katikati, zile hazina tangi mbele ya siti. Skuta nyingi ziko hivyo, na Honda Cub pia. Unauingiza mguu kwa mbele kwa urefu wa kuvuka kizingiti badala ya kuurusha juu ya siti na keria. Kwa mama aliyevaa gauni au kitenge ndo njia yenye heshima, kwa baba aliyewekewa nyonga au goti la bandia kwenye hospitali kama MOI au KCMC ndo njia pekee mimi ningemruhusu, na hata hiyo baada ya daktari kusema sawa, maana miezi ya mwanzo nyonga mpya haitakiwi kukunjwa sana wala kupindishwa. Alafu kuna la keria. Mzee ana siti anayoimudu vizuri, anafunga kreti la soda au gunia nyuma, sasa mguu upite wapi? Ukiwa na mzigo kila siku, tofauti ya pikipiki ya kawaida na ya kupitisha mguu mbele inakuwa kubwa kabisa.

Honda Cub ilitoka mwaka 1958 na mpaka 2017 zilikuwa zimetengenezwa zaidi ya milioni 100, na siri yake ni klachi. Mle ndani kuna klachi ya kujiendesha, injini ikishuka moto, yaani ukiachia mafuta, inaachia yenyewe, ukiongeza moto inashika, wewe unabadili gia kwa mguu tu. Mkono wa kushoto hauna kazi zaidi ya indiketa. Inasemekana kule Japani ilitakiwa kijana wa kupeleka chakula aweze kuendesha mkono mmoja mwingine umebeba sinia. Sasa yule mama yetu wa stroku aliyebaki na mkono wa kushoto dhaifu lakini miguu iko sawa, hiyo ndo pikipiki yake, na zipo za Kichina zilizoiga mfumo huo huo.

Hebu nipange hili la viungo vizuri kwasababu ndo kiini cha mambo yote. Pikipiki ya kawaida ya gia inadai viungo vyote vinne. Mkono wa kushoto klachi, mguu wa kushoto gia, mkono wa kulia moto na breki ya mbele, mguu wa kulia breki ya nyuma. Ukipoteza mkono wa kushoto, nenda kwenye Cub na ndugu zake. Ukipoteza mguu wa kushoto, gia za mguu zimekufa, nenda skuta ya otomatiki. Ukipoteza mguu wa kulia au kifundo chake, nenda skuta pia, kwasababu breki ya nyuma imehamia mkono wa kushoto. Ila angalia, skuta inampa kazi mkono wa kushoto, breki ya nyuma yote ni yake, na skuta nyingi lazima ubane breki ndo stata ikubali, kwaiyo mwenye mkono wa kushoto dhaifu skuta sio jibu la moja kwa moja kama watu wanavyodhani. Na ukipoteza mkono wa kulia, hapo nakuambia ukweli, moto na breki ya mbele vyote viko hapo na kuvihamisha ni kazi ya fundi mwenye ujuzi maalum, sio ya gereji ya kona kwa waya za kuungaunga.

Sasa klachi, maana hii ndo inawatoa wazee wengi kwenye pikipiki kimya kimya. Mtu ana maumivu chini ya kidole gumba, au ganzi ya kiganja inayomwamsha usiku, anadhani ni uzee tu umefika mwisho. Kabla hujamuuzia mtu pikipiki yako, njoo tuangalie waya. Waya wa klachi unapita ndani ya ala yake toka kwenye hendo mpaka kwenye injini, na kila unapopinda kwa kona kali unasuguana. Mara nyingi naukuta pale chini ya tangi umebanwa na kipande cha waya wa taa, au ncha yake karibu na mkono wa klachi nyuzi mbili tatu zimekatika zimejiviringisha, kila ukibana zinakwaruza ala kwa ndani. Hapo mzee anavuta nguvu mara mbili ya inayotakiwa na hajui. Weka waya mpya, upitishe kwa mkunjo mpana, tia oili nyepesi mpaka itokee upande wa pili, paka grisi kwenye bolti ya mkono wa klachi, acha nafasi ya kama milimita 10 mpaka 20 kwenye ncha ya mkono kabla waya haujaanza kuvuta. Watu wanatoka hapo wanashangaa. Kama bado ni ngumu, ule mkono mdogo wa upande wa injini unaweza kurefushwa kidogo, unabana kwa nguvu ndogo, ila unakula umbali, ukizidisha klachi haitaachia yote na gia zitakwaruza, kwaiyo ni jambo la kupima na kujaribu, haraka haitakiwi.

Na tabia pia inasaidia. Kwenye foleni au kwenye taa usikae umebana klachi gia iko moja, weka nyutro, pumzisha mkono. Vijana wanakaa wameibana tayari kuchomoka, wewe unachomokea wapi.

Gia za mguu nazo zina siri. Boxer, TVS na nyingi za aina hiyo zina kile kikanyagio chenye ncha mbili, mbele unakanyaga kwa vidole, nyuma unakanyaga kwa kisigino. Mwenye gauti kwenye dole gumba la mguu, au kifundo kisichopanda juu, hawezi kunyanyua gia kwa vidole kama zinavyotaka pikipiki za mashindano, lakini kukanyaga kwa kisigino anaweza. Hapo ndo Boxer inarudi kuwa jibu zuri, kwa sababu ya mwili na sio ya spea tu. Ukinunua ya Kichina yenye kikanyagio cha ncha moja, fundi anaweza kukubadilishia ukapata cha ncha mbili.

Kuwasha sina maneno mengi. Chukua yenye stata. Kiki kwa mwenye goti au nyonga ni adui, na kwa mwenye kisukari kilichoua hisia za nyayo ni hatari kabisa, kiki ikirudisha inapasua ngozi ya mguu na yeye hasikii, anagundua jioni soksi ina damu, na kidonda cha mguu kwa mgonjwa wa sukari kila mtu anajua kinakoishia. Kuna matoleo ya bei nafuu ya cc 100 yenye kiki peke yake, uliza kabla hujalipa. Na betri uihesabu kama kiungo cha mwili, ikianza kuchoka badilisha, usisubiri ife ukiwa shamba.

Breki, yenye diski mbele kama unaweza kuipata. Breki ya lainingi inayovutwa na waya inadai ngumi yenye nguvu, ile ya diski inasukumwa na mafuta, vidole viwili vinatosha, na kwa mkono wenye baridi yabisi tofauti hiyo unaisikia siku ya kwanza.

Kuna mitego miwili nataka niitaje kwa sababu inaonekana kama wokovu. Wa kwanza ni ile Vespa ya zamani, kule Zanzibar zimejaa na wazee wanazipenda, mguu unapita mbele, siti chini, kila kitu kizuri. Lakini gia zake ziko kwenye mkono wa kushoto, unabana klachi alafu unauzungusha mshikio wote ukiwa umeubana. Kwa kiwiko na kiganja chenye maumivu hakuna mateso zaidi ya hayo. Ukitaka umbo hilo chukua skuta ya siku hizi ya otomatiki. Wa pili ni Bajaji. Watoto wanasema mzee hawezi tena kuweka mizani, tumpe Bajaji ya matairi matatu. Kweli mizani inaacha kuwa shida, ila Bajaji nyingi za kubeba abiria zina klachi na gia ya kuzungusha kwenye mkono wa kushoto, kama Vespa ile ile. Inamfaa mwenye miguu mibovu na mikono mizima, mwenye mikono mibovu haimfai. Alafu haiinami kwenye kona, tairi la mbele ni moja, ukiingia kona kwa mwendo wa pikipiki inapinduka.

Ndugu zetu walioko Ulaya na Marekani wana uchaguzi mpana kwenye hili la matairi matatu. Piaggio MP3 ya tangu 2006 ina matairi mawili mbele na inainama kama pikipiki, na ukisimama unaifunga ikabaki wima bila kushusha mguu. Can-Am Spyder haiinami, ina usukani wenye msaada wa nguvu na gia zisizodai klachi. Kwa walioko Uingereza kuna chama cha waendesha pikipiki wenye ulemavu, NABD, kipo tangu 1991, kinasaidia watu kubadilishiwa vifaa, na kuna vifaa vya kubadili gia kwa kitufe cha kidole kwa asiyeweza kutumia mguu wa kushoto. Honda nao toka 2023 wametangaza mfumo wa E-Clutch ambao unabana klachi wenyewe huku gia ukiendelea kubadili kwa mguu. Ukiwa Tabora hivi vyote bado ni vya kusoma tu, ila mwenye mtoto Manchester anayetaka kumletea baba kitu, aanze kwa kufikiria spea zitatoka wapi kabla hajalipia meli.

Mgongo na viganja tuviweke pamoja maana vinaumizwa na kitu kimoja, mtikisiko. Injini ya silinda moja inatetema, mshikio unapeleka mtetemo kwenye kiganja, na barabara inaongezea yake, hasa zile rasta, vile vituta vidogo vilivyopangana, kabla ya shule na kabla ya mteremko. Ukipita rasta umekaa kama gunia uti wa mgongo unapokea kila moja. Vikanyagio vikiwa chini ya makalio na hendo imekuja karibu, unaweza kujinyanyua kidogo magoti yafanye kazi ya shokapu, ila kama goti nalo ni bovu basi lazima shokapu na siti zifanye. Shokapu za pikipiki za biashara zimekazwa kubeba abiria wawili na mzigo, mzee wa kilo 60 akipanda peke yake hazibonyei, anarushwa tu. Zilegeze kwenye ngazi ya mwisho kabisa, ile pete ya chini izungushwe, ni kazi ya dakika chache na watu wanakaa miaka hawajawahi kuigusa. Siti ipeleke kwa fundi wa siti atoe sponji iliyokufa aweke ngumu kidogo, sponji laini sana inaonekana tamu dukani alafu baada ya nusu saa makalio yamegusa bati. Ukitaka kushusha pikipiki, punguza sponji kwanza, shokapu fupi baadae, na usikubali mtu akate springi. Na ukishusha pikipiki stendi ndogo inakuwa ndefu kuliko inavyotakiwa, pikipiki inasimama wima mno, upepo unaiangusha, kwaiyo ikatwe nayo ichomelewe upya. Kwa upande wa injini kuna zenye shafti ya kusawazisha mtetemo, Yamaha YBR 125 ni mojawapo, mwenye ganzi za mikono aitafute.

Matairi madogo ya skuta nayo uyafikirie kabla ya kuhamia huko. Skuta ya inchi 10 kwenye lami ya Dar au Mombasa haina neno, kwenye barabara ya vumbi yenye mashimo na mchanga inazama na kuyumba, wakati pikipiki ya inchi 17 inapita juu. Ukikaa ndani ndani huko, Cub yenye tairi la inchi 17 inashinda skuta, mguu unapita mbele, mkono wa klachi haupo, na tairi ni kubwa. Mimi kama ningeambiwa nichague moja tu kwa mzee wa kijijini mwenye goti na mkono wa kushoto mbovu, bila kujua zaidi, ningetaja hiyo.

Za umeme zinakuja kwa kasi, Kigali na Nairobi bodaboda wanabadilisha betri vituoni kama wanavyobadilisha mitungi ya gesi, na kwa mwili wa mzee zina mambo mazuri sana, hakuna klachi, hakuna gia, hakuna kiki, mtetemo karibu haupo. Mambo mawili ya kuangalia. Betri yenyewe ni nzito, kama unaishi ghorofani au unachajia ndani nani ataibeba? Na moto wake unakuja ghafla, ukizungusha kidogo tu inaondoka, kwaiyo kama ina modi ya polepole ianze hapo.

Leseni nayo usiisahau kwa sababu uchaguzi wako unaigusa. Tanzania daraja A ni za zaidi ya cc 125, A1 ni za chini ya hapo, A2 ni za matairi matatu au manne, A3 ni zile ndogo zisizozidi cc 50. Mzee anaweza kuwa ameendesha gari miaka 40 na leseni yake haina hata moja ya hizo.

Na sasa macho na dawa, hapa naomba mnisikilize wazee wangu kwa upole. Pikipiki inaweza kurekebishwa kwa karibu kila kitu ila hivi havirekebishwi na fundi. Mtoto wa jicho anafanya taa za gari linalokuja ziwe wingu jeupe, na huyo anatibika, akishatolewa na daktari akakuruhusu unarudi barabarani. Presha ya macho ni mbaya zaidi kwasababu inakula pembeni taratibu, mbele unaona vizuri kabisa, lakini mtoto anayetokea ubavuni humuoni, na hakuna maumivu yoyote ya kukuonya. Kapime, na kama pembeni pameshaliwa basi pikipiki iishie hapo. Dawa za sukari kama glibenclamide na insulini zinaweza kuishusha sukari ukiwa njiani, usipande kabla hujala, weka peremende mfukoni. Piriton ya mafua inaleta usingizi, amitriptyline ya ganzi na kuwaka moto miguu nayo inaleta usingizi na inaweza kukubakia mpaka asubuhi. Baadhi ya dawa za presha na za tezi dume zinaleta kizunguzungu ukinyanyuka ghafla, na kushuka kwenye pikipiki ni kunyanyuka ghafla. Mwenye kifafa kisichotulia au anayezimia bila sababu kujulikana, hakuna pikipiki ya kumfaa, na ninyi watoto msimnunulie hata akilia.

Siku ya kwenda dukani nenda na mzee mwenyewe, usimletee kama zawadi ya kushtukiza. Avae viatu anavyovaa siku zote. Pikipiki itolewe kwenye vigae itolewe nje kwenye udongo, injini imezimwa, apande na kushuka mpaka achoke kidogo, kwasababu mwili unasema ukweli ukichoka. Aiweke stendi kubwa mwenyewe, akikanyaga stendi kwa uzito wa mwili na sio kuvuta kwa mgongo, akishindwa hiyo sio yake. Abane klachi, ahesabu mpaka kumi, aachie, arudie na kurudia, alafu muulize kidole gumba kinasemaje. Aisukume nyuma hatua chache kwenye mteremko mdogo akiwa ameikalia, alafu akiwa pembeni yake. Baada ya hapo ndo iwashwe. Muuzaji akikataa pikipiki isitoke nje ya duka, nenda duka la pili.